Bandari Isiyo na Maji

Usiku wa Jumanne waligonga mara elfu nne na kumi na tisa.
Nimehesabu. Seva huandika kila hodi,
hata ya mtu asiyejua kupiga hodi:
mara anajiita "mgeni", mara "meneja",
mara "mzizi", jina la mwenye nyumba,
akibahatisha neno la siri
kama mtoto anayejibu kitendawili kabla hakijategwa.

Mlango wenyewe ni namba ishirini na mbili.
Wataalamu wanauita bandari.
Mimi nimezaliwa Kibirizi, bandari naijua:
ina matope, ina makelele ya makuli,
ina gunia la dagaa linalopimwa mara mbili
na bado halitoshi.
Hii haina maji. Iko Tabora, mtaa wa Cheyo,
ndani ya stoo ya chama cha wafuga nyuki,
sanduku jeusi juu ya meza, linanuka nta,
limebeba hesabu za watu mia sita na kumi na wawili
na kila debe la asali, lililolipwa na lisilolipwa.

Nami niko Kigoma, Mwanga, chumba cha juu ya duka la rangi,
nalilea kwa mbali
kama baba anayelea mtoto kwa simu.

Basi usiku ule nikaandika sheria mbili.
Ya kwanza: aingie atokaye
mia mbili na tatu, nukta sifuri,
nukta mia na kumi na tatu, nukta arobaini na saba.
Ya pili: wengine wote, kimya.
Si "hayupo", si "njoo kesho". Kimya.
Na mpangilio usiugeuze,
ruhusu ndipo ukatae, la sivyo unajifungia nje.
Sikugeuza. Nikalala.
Asubuhi hodi zilikuwa sifuri,
nikanywa chai vikombe viwili.

Siku tisa.
Ya kumi umeme ukakatika Mwanga nzima,
uliporudi, ruta yangu ikaamka na anwani nyingine,
mwisho wake tisini na moja.
Arobaini na saba haikuwa yangu kamwe.
Nilikuwa mpangaji, na kampuni haikunipa notisi.
Nikagonga. Kimya.
Nikagonga tena, mimi niliyeuchonga mlango,
na kimya kile nilikijua,
nilikiandika kwa vidole hivi.

Treni. Uvinza akapanda mtu na mifuko ya chumvi.
Malagarasi sikuiona, nilisinzia.
Kaliua, Urambo, Usoke,
Tabora kunakucha, vumbi na baridi.

Getini mlinzi anaitwa Nyamizi,
ana daftari la hesabu, lenye miraba,
na ndani yake jina moja tu: Sizya.
"Mimi ndiye ninayeitunza hiyo mashine."
"Humu haumo."
"Ntabaliba. Gervas Ntabaliba. Mpigie Sizya."
Sizya yuko Sikonge porini, kwenye mizinga, simu haishiki.
"Nimesafiri usiku kucha kutoka Kigoma."
Hata "pole" hakusema. Akafunga daftari.

Nikakaa kwenye ngazi, nikamchukia mpaka saa tatu.
Saa nne nikaanza kumtazama
kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake.
Muuza maziwa, nje.
Kijana wa mwenyekiti, na miwani yake, nje.
Mbwa tu alipita, chini ya wavu,
na tundu lile nikalikariri.

Saa nane Sizya akafika, jicho moja limevimba kwa nyuki,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Nikaingia, nikaandika nimesimama:
tisini na moja, na chini yake ya pili, ya akiba,
ya ofisi ya chama,
maana sasa najua mimi ni mtu wa kupanga.

Nikitoka nikamwomba Nyamizi aniandike daftarini.
Akachomoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni.
"Aandike Sizya," akasema.
"Wa nje hajiandiki."

Sizya alikwisha washa pikipiki.